Mbung'o Hashindwi kwa Hasira

Bonde la Lambwe liko kusini mwa Nyanza, kati ya milima ya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa. Mgeni ashukaye huko huona nchi ya kupendeza, yenye majani marefu na vichaka vizito kandokando. Lakini akisimama kivulini apumzike, haukawii kumpata mchomo mkali mgongoni, uliopenya shati kama sindano. Hupiga kofi kwa hasira. Nzi huruka akiwa mzima, kisha hurudi upande wa pili. Akipanda gari, nzi hao hulifuata, kwa maana machoni mwao kila kitu kikubwa chenye rangi nzito na mwendo ni mnyama wa kunyonywa. Hao ndio mbung'o, na kwa ajili yao watu wengi waliliogopa bonde hilo kwa miaka mingi.

Si kila nzi mkubwa wa porini aliye mbung'o. Yuko paange, yule nzi mnene wa ng'ombe mwenye macho makubwa yanayong'aa, ambaye hukata ngozi na kuramba damu itokayo. Kwa paange ni jike tu anyonyaye damu. Yuko pia nzi mwindaji, mwenye mwili mrefu na manyoya usoni kama ndevu, akaaye juu ya kijiti akivizia. Mdudu akipita, humrukia na kumkamata hewani, humtia mate yenye sumu, kisha humfyonza. Huyo hana haja na damu ya mtu wala ya ng'ombe, na mbung'o mwenyewe ni mmoja wa wadudu anaowakamata. Basi haifai kumwua bure. Mbung'o hutambulikana kwa alama mbili. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa, na mrija wake wa kunyonyea hutokeza mbele ya kichwa. Tena dume na jike wote huishi kwa damu.

Uchungu wa mchomo huo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni vijidudu viitwavyo tripanosoma, ambavyo mbung'o huvichukua katika damu ya mnyama mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. Katika mwaka wa 1895, David Bruce alivigundua vijidudu hivyo katika ng'ombe wa nchi ya Wazulu waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa nagana. Haukupita muda mrefu, ugonjwa wa malale ukaenea kando ya ziwa Victoria, na katika Uganda peke yake ukaua watu zaidi ya 200,000. Katika mwaka wa 1903 Bruce na wenzake walionyesha kwamba mwenye kuueneza ni mbung'o. Mgonjwa wa malale hupatwa kwanza na homa, kuumwa na kichwa na maumivu ya viungo. Baadaye akili huvurugika, husinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa.

Zamani ilidhaniwa kwamba dawa ya mbung'o ni nguvu tu. Vichaka vilifyekwa, na katika nchi kadhaa za Afrika wanyama wa porini walipigwa risasi kwa maelfu ili nzi wakose damu. Lakini kichaka kilichofyekwa bila watu kulima mahali pake huota tena, na mbung'o hurudi pamoja nacho. Tena lilikuwako swali gumu: malale hujificha wapi wakati ambapo hakuna mtu aliye mgonjwa?

Jibu lilipatikana Kenya. Katika mwaka wa 1958, R. B. Heisch na wenzake walitangaza kwamba wamevipata vijidudu vya malale katika damu ya pongo, yule mnyama wa vichakani. Hilo halikuwashangaza wengi. Lakini kisha malale ilizuka Alego, na katika mwaka wa 1966 R. J. Onyango na wenzake walitoa habari iliyowagusa wafugaji wote: vijidudu vile vile vilikuwamo katika damu ya ng'ombe wa nyumbani. Ng'ombe huyo aweza kuonekana mzima, akila majani na kukamuliwa kila asubuhi, huku amebeba ugonjwa wa kumwua mwana wa mwenye zizi. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mwenye kumjua adui huyu vema hugundua pia udhaifu wake. Nzi wa nyumbani hutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja, lakini mbung'o hatagi. Jike hubeba mtoto mmoja tu tumboni, akimlisha kwa namna ya maziwa humo humo ndani, na kila siku tisa au kumi humzaa funza mmoja. Funza huyo hujichimbia ardhini penye kivuli, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa nzi kamili. Kwa sababu ya uzazi huu wa polepole, wataalamu wamehesabu kwamba majike wapatao wanne katika kila mia wakiuawa kila siku, zaidi ya wale wafao wenyewe, jamii nzima ya mbung'o wa mahali hapo hupungua hata kwisha, maadamu wengine hawaingii kutoka nje. Kwa hiyo kazi ndogo ifanywayo kila siku bila kukoma yashinda kazi kubwa ifanywayo mara moja na kuachwa.

Kazi hiyo si ngumu. Huko Nguruman, katika nchi ya Wamaasai, mtego wa nguo ya buluu na nyeusi ulitengenezwa katika miaka ya 1980, nao hutiwa chambo cha mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu, hutua penye weusi, kisha hupanda kuufuata mwanga na kunaswa juu. Mtego huo hauna faida yoyote ikiwa mtu ataiba nguo yake akashone kaptula, au majani yakiachwa yauzibe. Kadhalika, ng'ombe apakwe au anyunyiziwe dawa ya kuua nzi, hasa miguuni na tumboni, kwa kuwa hapo ndipo mbung'o hupenda kunyonya. Naye ng'ombe anayekonda ingawa majani ni mengi, mwenye manyoya yaliyosimama, ufizi mweupe, au aliyetupa mimba, apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe damu. Mwenye kununua dawa sokoni na kuipunguza ili itoshe ng'ombe wengi huvizoeza vijidudu kuishi na dawa hiyo.

Matunda ya kazi hii yameonekana. Mtu wa mwisho kuambukizwa malale nchini akajulikana alipatikana mwaka wa 2009, na wageni wawili waliougua baada ya kuzuru Maasai Mara waligunduliwa mwaka wa 2012. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena katika Kenya. Bonde la Lambwe lenyewe lina Hifadhi ya Taifa ya Ruma, ambamo korongo, mnyama mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, wamehifadhiwa wasitoweke kabisa katika nchi hii.

Hata hivyo mbung'o bado wako, na nagana ingali ikiua ng'ombe. Dume la kulimia likifa wakati wa mvua za kwanza, shamba hubaki bila kulimwa, na karo ya mtoto hukosekana mwaka huo. Tena ugonjwa ulioondoka kwa watu waweza kurudi kwa njia ile ile ya zizi. Basi mfugaji anayetunza mtego ulio kando ya kichaka chake, na kumtibu ng'ombe wake mapema, huyalinda mali yake na ya jirani, na huwalinda watoto wa nyumba zote mbili.