Likizo ya Fedha Kidogo Visiwani Komoro

Sisi wanne wa darasa la mwisho tunaweka akiba ili tutembelee Komoro, nchi ya visiwa iliyopata uhuru mwaka 1975. Haya ndiyo niliyoyapanga; huenda yakawafaa nanyi wasomaji.

Kwanza, majira. Mvua nyingi hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Basi hatutakwenda mara baada ya mtihani, bali tutangoja Juni, wakati wa kiangazi.

Pili, fedha. Yuro moja ni kiasi cha faranga 492 za Komoro. Yafaa kuchukua noti za yuro mkononi, kwa maana mashine za benki ni chache. Gharama kubwa ni nauli ya ndege, kwa hiyo ni heri kukaa sana kisiwa kimoja kuliko kurukaruka.

Tatu, matembezi. Ngazidja kuna Karthala, mlima wa moto wenye mita 2,361. Hupandwa kwa miguu, pamoja na mwenyeji ajuaye njia. Mwali, kasa hupanda pwani ya Itsamia usiku kutaga mayai. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na salamu ya adabu hufungua mlango.

Lakini akiba moja nimeikataa: kuvuka baina ya visiwa kwa vyombo vidogo vinavyojazwa watu kupita kiasi. Wengi wamekufa maji huko. Bahari haishi zinge. Tukikosa nauli ya chombo salama, tutabaki Ngazidja, na kwetu tutarudi wazima.