Wanawake wa Amil Shivji: Mlango Hufunguliwa na Mwanamke Mwenzake

Sisi wa ng'ambo hii ya Likoni, Kisauni na Changamwe tumelelewa na sinema za Kihindi. Humo tulimzoea mwanamke wa namna mbili: mama avumiliaye mpaka machozi yakamkauka, na msichana angojaye kijana aje kumwokoa. Hata Mehboob Khan, katika Mother India ya mwaka 1957, alipomfanya Radha ampige risasi mwanawe wa kumzaa ili kulinda heshima ya msichana wa kijiji, alimbebesha mzigo ule peke yake.

Amil Shivji, Mtanzania atengenezaye filamu za Kiswahili, ameshika njia nyingine. Filamu yake fupi ya mwaka 2013, Shoeshine, ilikuwa habari ya kijana mng'arisha viatu. Lakini filamu zake ndefu mbili, T-Junction na Vuta N'kuvute, amezikabidhi kwa wanawake. Na katika zote mbili, anayemfungulia mwanamke mlango ni mwanamke mwenzake.

T-Junction ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar mwaka 2017. Fatima, binti mwenye asili ya Kihindi na ya Kiafrika, amefiwa na baba ambaye hawakuwa na ukaribu. Hospitalini akutana na Maria, msichana maskini aliyejeruhiwa. Maria amsimulia maisha ya watu wa njia panda, mapenzi yao na masaibu yao, na Fatima hurudi kumsikiliza tena. Hapana shujaa wala upanga. Pana mmoja asemaye na mwingine asikiaye, na kwa kusikia huko Fatima aanza kuyafahamu ya nyumbani kwao.

Vuta N'kuvute ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na kisa chake ni cha Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume aliyemzidi sana umri, wala hamtaki. Atoroka. Denge, kijana mpigania uhuru, yumo, na mapenzi yamo. Lakini Denge naye aandamwa na serikali, atampa hifadhi gani? Mwenye kumpokea Yasmin ni Mwajuma, anayechezwa na Siti Amina, ambaye mwenyewe ni mwimbaji wa taarab.

Nilipoitazama Kisauni pamoja na jamaa, mzee mmoja aliniuliza: "Sheikh, mabinti zetu watajifunza nini hapa ila kutoroka?" Akanikumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Swali lake ni la haki, na mimi siyabariki mapenzi yasiyo na nikaha. Lakini mkuu naye ana mipaka yake. Tumesoma vyuoni habari ya Khansaa bint Khidam, ambaye babake alimwoza pasi na ridhaa yake. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikabatilishwa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Basi kosa la kwanza katika kisa cha Yasmin si la aliyetoroka, ni la waliomwoza.

Watasema, mbona mwali alinyamaza, na kimya cha bikira ni idhini? Ni kweli, sheria imekijali kimya cha haya. Lakini kiko pia kimya cha hofu. Shivji apenda kuituliza kamera juu ya uso wa Yasmin asiyesema neno, mpaka mtazamaji alazimike kujiuliza: hiki ni kimya gani? Kwangu mimi, hilo ndilo funzo kubwa la filamu hii, na lawahusu zaidi mababa kuliko mabinti.

Mwajuma tunaye kila mtaa. Ni yule mama ambaye binti wa watu humbishia hodi usiku akilia, na asubuhi twamsengenya kuwa nyumba yake yawaharibu watoto. Mama huyo hakumwita mtu. Wewe mwenye binti, siku posa itakapokuja, mkalishe mwanao faraghani, wewe au mamake, mumuulize kwa upole. Akinyamaza, mtazameni usoni kabla ya kumjibu mposaji.