Sumukuvu na Ini la Panya

Barua za wasomaji kuhusu sumukuvu zimekuwa nyingi, na aghalabu hukariri dhana moja, ya kwamba mahindi yakishatokota barabara sumu yake huisha. Dhana hiyo ni batili, kwa kuwa moto wa jikoni huiua kuvu, lakini hauimalizi sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje.

Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, hata ikadhihirika kuwa asili yake ni mashudu ya karanga yenye sumukuvu kutoka Brazili. Na mwaka uliofuata, panya wa maabara waliolishwa mashudu ya namna hiyo wakaonekana kupatwa na saratani ya ini.

Lililo la ajabu, nami sichoki kulitafakari, ni kwamba sumukuvu ya aina ya B1, kwa hali yake ya asili, haikidhuru kinasaba. Ni ini lenyewe, katika juhudi ya kuigeuza ipate kutoka mwilini, ndilo liipalo oksijeni kwa vimeng'enya vyake, na kizaliwacho hapo, ambacho hakidumu ila kitambo kidogo sana, hunasa kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za vinasaba, basi seli ikigawanyika kabla ya kuparekebisha palipoharibika, herufi nyingine hukaa mahali pake, na hitilafu hiyo hurithiwa na seli zote zitokanazo nayo. Panya wa jamii ndogo, japo maini yao huizalisha sumu ileile, wakishakomaa hawapatwi kwa wepesi na saratani hii, kwa kuwa wana kimeng'enya kiifungacho upesi kwa glutathioni. Panya wa jamii kubwa hawanacho cha nguvu hiyo, wala sisi wanadamu hatukujaliwa.

Ndiyo maana wauzao chupa za "kusafisha ini" ni watu wa hadaa, tena hadaa yenye kuua, kwani hakuna mzizi uliopata kuthibitika kuirudisha herufi iliyokwisha kubadilika. Na asemaye kwamba amekula mahindi yenye ukungu miaka yote asidhurike, ajue kuwa watu 125 waliokufa mashariki ya Kenya mwaka 2004 waliuawa na sumu nyingi ya ghafla, ilhali saratani hujengwa na kiasi kidogo cha kila siku, hasa kwa mwenye homa ya ini B.

Basi anikeni juu ya turubai, kausheni sawasawa kabla ya kutia ghalani, tupeni punje zilizoota ukungu, chanjeni watoto dhidi ya homa ya ini B. Wala msimpe ng'ombe mlichokikataa nyinyi, kwani sumu hiyo, ikiwa imegeuka umbo tu, hutoka katika maziwa yake.