Mji Ulioletewa Maji Juu ya Matao

Huko Hispania, yapata kilometa 90 toka Madrid, uko mji wa Segovia, makao makuu ya mkoa wenye jina hilo hilo. Mji umejengwa juu ya mwamba mrefu, katikati ya mito miwili, Eresma na Clamores. Mito iko chini bondeni. Watu wako juu. Akina mama wenye kubeba mtungi kichwani watajua mara moja taabu yake.

Wenyeji husimulia kwamba msichana mmoja, mtumishi wa nyumbani, alichoka kupandisha maji kila siku. Akaahidi kumpa Ibilisi roho yake, mradi maji yafike mlangoni kabla jogoo hajawika. Ibilisi akajenga usiku kucha. Jogoo akawika, limebaki jiwe moja tu! Roho ya binti ikaokoka, na penye pengo la jiwe lile, wasema, ndipo ilipowekwa sanamu ya Bikira Maria.

Sanamu ipo kweli. Ila waliojenga ni Warumi, zamani za karne ya kwanza au ya pili baada ya Kristo. Walichukua maji ya kijito milimani, umbali wa kilometa 15 hivi, wakayapitisha katika mfereji wenye mteremko mdogo mno, yatembee yenyewe. Walipofika karibu na mji wakakuta bonde. Basi wakasimamisha matao zaidi ya 160, na yale marefu yafika meta 28, kupita minara ya makanisa yetu mengi. Hawakutia chokaa wala saruji. Kila jiwe hushikwa na uzito wa mwenzake.

Matao yaliyobomoka yalijengwa tena karne ya 15, siku za Malkia Isabella, yule aliyemtuma Kolumbus ng'ambo. Yeye alitangazwa malkia papo hapo Segovia, tarehe 13 Desemba 1474. Kanisa kuu la sasa lilianzwa mwaka 1525, kwa sababu lile la kwanza, lililokuwa jirani na ngome, liliharibiwa vitani. Mtakatifu Yohane wa Msalaba naye amezikwa mjini humo.

Maji yalipita juu ya matao hayo mpaka karne ya 20. Siku hizi hatari ni moshi na mtikisiko wa magari, nayo yalikatazwa kupita chini yake mwaka 1992.