MABATI: TAZAMA GEJI KABLA YA BEI

Wenye nyumba na maduka wa Bweri, mjini Musoma, wanashauriwa kukagua mapaa yao kabla ya vuli, ambayo hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Anayesubiri hadi paa livuje hununua kwa haraka, bila nafasi ya kulinganisha bei, huku mafundi nao wakiwa wamebanwa na kazi.

Mnunuzi aulize geji kwanza. Namba inapopanda, unene hupungua: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Hivyo linganisha bei za mabati ya geji moja na urefu mmoja. Vinginevyo unafuu unaouona ni wembamba tu.

Hata hivyo, si kila paa linalovuja linahitaji bati jipya. Mara nyingi maji hupenya kwenye misumari iliyolegea au pale bati moja linapolalia jingine. Badili misumari hiyo kwa yenye mpira, na ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita.

Jambo la mwisho ni upepo. Ukiingia chini ya paa hulinyanyua, na kenchi isiyofungwa ukutani huondoka na mabati yake. Waya wa kuifunga ni gharama ndogo ukilinganisha na kuezeka upya, achilia mbali magunia ya mahindi na saruji yatakayolowa ndani.