Chemirocha karudi nyumbani, kaseti ya babu je?

Jamani, kuna mtu aliimbwa mpaka akaota kwato! Usicheke, msomaji wangu.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alitua Kapkatet, Kenya, na mashine yake ya kurekodia. Mabinti wa Kikipsigis wakamwangushia kitu kinaitwa Chemirocha. Ni nani huyo? Si mwingine, Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki 1933, yule aliyeimba blues huku akipandisha sauti kama anaita ng'ombe. Santuri zake zilikuwa zimefika huko, jina likageuka ulimini, na kwa maelezo ya Tracey mwenyewe jamaa akawa nusu mtu nusu swala. Mabinti wanamhimiza aruke mpaka nguo zimtoke. Makubwa!

Rekodi hiyo ikahifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya ILAM aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Baadaye kampuni ya SWP ya Uholanzi ikatoa upya kazi zake nyingi kwenye CD, pamoja na alizorekodi Tanganyika. Ulaya wakaburudika. Kapkatet je? Walisubiri mpaka 2015, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walipowapelekea nyimbo zao. Miaka 65! Mmoja wa waliorekodiwa walimkuta bado hai. Wengi hawakungoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Linaniuma kwa sababu na mimi nina kesi. Babu yangu hapa Nyamahanga alikuwa mpiga inanga, na kaseti yake ilikuwa moja tu, mjomba alimrekodi kwenye harusi. Mwaka 2009, niko darasa la tatu, mjanja mimi nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja nikadaka Bongo Fleva redioni. Upande A wote kwisha! Babu alicheka tu, akasema atapiga tena. Hakupiga. Alifariki mwaka uliofuata.

Juzi nimeichomoa kaseti sandukuni. Upande B zimebaki kama dakika nne: inanga, makofi, mtu anakohoa, halafu mtangazaji anaingia na salamu zake. Nilipompigia Mama simu asikilize, alinyamaza. Kisha akasema, "Rudisha hapo kwenye kikohozi. Huyo ni bibi yako."

Jumamosi naipeleka Ngara mjini, kuna fundi ataihamishia kwenye simu. Ameniambia mpaka nifike kwake nisiguse kitufe chochote.