Shanga na Ngoma Mbele ya Meza Kuu

Mtu akiingia kwenye ukumbi wa harusi jijini Dodoma Jumamosi jioni, macho peke yake hayamtoshi kujua yuko mji gani. Vitambaa vya satini vilivyoning'inizwa nyuma ya meza kuu, maua ya plastiki, taa za rangi, maputo na viti vilivyovishwa mashuka meupe ni vilevile vya Mbeya, Mwanza na Dar es Salaam. Mpambaji huvifikisha asubuhi kwa gari, huviondoa usiku, na wiki inayofuata huvipeleka kwa maharusi wengine. Kupendeza si kosa, na wapambaji wetu ni watu wenye jicho zuri wanaokesha kazini. Lakini katika Ugogo, na katika sehemu kubwa ya uwanda wa kati kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, pambo la harusi lilikuwa na kazi nyingine juu ya kupendeza. Lilikuwa ushahidi wa nani amemhangaikia nani. Pambo la kukodi haliwezi kutoa ushahidi huo hata likiwa zuri namna gani, na kwa sababu hiyo nasema kazi ya mikono irudi harusini, tena irudi kupitia mikono ya ndugu wenyewe.

Uzito wa ushahidi huo unaonekana mtu akiiangalia nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka inapogoma mtama na uwele hukauka vingali shambani. Wagogo wamepita njaa nyingi. Ile waliyoiita Mtunya, iliyoanza Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni na kuendelea hadi 1920 hivi, iliua watu wengi na kuzitawanya kaya. Kwa mkulima mfugaji wa nchi ya namna hiyo, ghala lisiloliwa na mchwa ni ndugu: mjomba aliyepata mvua upande wa pili wa mlima, shemeji aliyekubali kuazimisha ng'ombe wa kukamua. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1969, alionyesha jinsi ng'ombe wa mahari walivyochangwa na ndugu wa kijana wa kuumeni na wa kukeni, kisha wakagawanywa vivyo hivyo kwa ndugu wa binti. Ndoa moja ilifunga mafundo mengi. Ng'ombe waliyaonyesha mafundo hayo zizini, na wenye kuhesabu ng'ombe walikuwa wanaume. Wanawake nao walikuwa na hesabu yao, na hiyo ilisomwa kwenye shanga, vibuyu, vyungu, pombe ya mtama na ngoma.

Chukua shanga. Vikundi vya ngoma vya Kigogo bado huvaa nguo nyeusi iliyopitishiwa nyuzi za shanga kifuani, shingoni na kichwani, nyeupe na nyekundu ziking'aa juu ya weusi, na mpangilio huo unatambulika mara moja hata ukiwa mbali. Wapo wanaosema kwamba shanga hizo si asili yetu kwa kuwa hazikuwahi kutengenezwa hapa. Ni kweli hazikutengenezwa hapa. Shanga za kioo zilipandishwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kaniki ilitoka India. Ugogo ulikuwa katikati ya njia hiyo, mahali pakavu ambapo msafara haungeweza kupita bila kuomba maji, na watawala wa Kigogo walidai hongo ya vitambaa na shanga kabla ya kuruhusu watu kuteka na kupita. Wasafiri wa Kizungu Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote walilalamikia hongo hiyo. Shanga zilizoingia kwa njia hiyo zilitungwa na wanawake wa Kigogo kwa rangi na mpangilio walioupenda wao, zikawa za Kigogo. Hoja ya asili, basi, haiwezi kujengwa juu ya mahali bidhaa ilikotoka. Kama ushanga wa Ulaya uliweza kuwa wetu, satini ya dukani nayo inaweza, almuradi mkono wa mtu wa nyumba uipitie. Mama mdogo akiishona shanga kandokando ya shela iliyonunuliwa Kariakoo, shela ile imeshapata historia ambayo duka halikuwa nayo.

Tena utungaji wa shanga una tabia yake, nayo ni kwamba hauna njia ya mkato. Mkufu mpana wa shingo huchukua siku kadhaa, na siku hizo mtungaji haketi peke yake. Kiangazi, mavuno yakishaingia, wanawake hupata nafasi ambayo masika haikuwapa, na mikono ikiwa na kazi midomo husema mambo ambayo ni magumu kusemwa ana kwa ana: mume akikasirika ufanyeje, mama mkwe asipokupenda ukae naye vipi, mtoto akichelewa watu watasema nini. Kicheni pati ya leo hujaribu kuyabeba yote hayo kwa jioni moja, kwa kipaza sauti, na msemaji aliyelipwa ambaye pengine hajui jina la babu yake binti. Simlaumu msemaji huyo. Ila mafundisho ya ndoa yalikuwa yanapenya polepole, kwa kuwa yalisindikizwa na kazi iliyohitaji subira ileile. Ukiiondoa kazi, unabaki na hotuba.

Kwenye ngoma mambo yako wazi zaidi. Muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikibanwa katikati ya mapaja na viganja vikifanya kazi ambayo vijiti visingeiweza, na wapigaji huitikiana mpaka uwanja wote unatetemeka. Karibu nao kuna zeze lenye tumbo la kibuyu na marimba ya vyuma bapa, ambayo ubao wake hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo. Njuga miguuni humalizia. Kila kimoja kimetengenezwa kwa mkono na kwa vitu vya jirani: ngozi, mti, kibuyu, chuma kilichofuliwa. Dunia imekwisha kutuambia thamani ya sauti hiyo. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeletwa Dar es Salaam kwa mwito wa Mwalimu Nyerere na baadaye akafundisha Bagamoyo, alizunguka nchi nyingi na zeze lake na marimba yake kabla ya kufariki mwaka 2003, na rekodi zake zilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Inauma kwamba sauti iliyojaza kumbi za Ulaya hupewa dakika chache mlangoni pa ukumbi wa Dodoma, magari ya wageni yakiwa yanaegeshwa, kisha hunyamazishwa spika zinapowashwa.

Pingamizi la kwanza ni la dini, nalo lina jibu jepesi kwa sababu makanisa yenyewe yamelijibu. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na kwa muda mrefu ngoma ilitazamwa kwa shaka. Leo muheme na zeze husikika ndani ya ibada za Kianglikana na za Kikatoliki, na waumini hawajapungukiwa imani. Ikiwa ngoma imekubaliwa mbele ya altare, sijui itakataliwaje mbele ya keki.

Pingamizi la pili ni zito, na anayelikwepa hastahili kusikilizwa. Muheme ulikuwa na mahali pake katika unyago wa wasichana, na unyago huo ulibeba ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kuwa asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya 1998 ilikuwa imeharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Mtu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: mtu anayetetea shanga na ngoma anatetea pia wembe? Jibu langu ni kwamba vitu hivi viwili vinatenganishika, na vimeshatenganishwa. Wanawake wanaopiga muheme kanisani Jumapili wamebeba ngoma na kuuacha wembe. Harusi ya furaha ya binti aliyesalimika, aliyefika umri wa kuamua mwenyewe, ni mahali pazuri kuliko pote pa kuuonyesha umma kwamba ngoma haihitaji damu. Tukiiacha ngoma itokomee pamoja na ukatili, tutakuwa tumekubaliana na ngariba kwamba ni kitu kimoja.

Wengine husema Dodoma si ya Wagogo tena. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mji ukawa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tatu mkoani. Bwana harusi ni Mgogo wa Chamwino, bibi harusi ni Msukuma wa Magu, kamati ni wafanyakazi wenzao wa wizara. Kwa nini waburutwe kwenye mila ya mmoja? Nakumbusha tu habari ya ndafu. Mbuzi yule mzima wa kuchoma, mwenye majani mdomoni, alitoka Uchagani, na leo anakatwa kwenye harusi za Wanyakyusa na Wahaya bila mtu kuulizwa kabila lake. Wachaga hawakulazimisha, walimleta mbuzi wao kwa fahari, na wageni wakampenda. Ugogo una cha kuleta. Una ngoma, una shanga, una ugali wa uwele na mlenda ambao watu wa mjini huutamani lakini hawauoni kwenye meza ya chakula, una hata mvinyo wa zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, wakati kamati inaagiza chupa za kugonganisha glasi kutoka nje ya nchi. Upande wa pili nao ulete kwao. Wanawake wa Kinyaturu wa Singida husuka vikapu ambavyo vingefaa kubebea zawadi kuliko mabeseni ya plastiki yaliyofungwa riboni. Na binti wa Kisukuma akivishwa mkufu uliotungwa na wifi zake wa Kigogo, amepokewa kwa namna ambayo kadi ya mwaliko haiwezi kusema.

Limebaki suala la fedha, na hapa ndipo kamati ya harusi inapohusika moja kwa moja. Mfumo wetu wa michango ni mrithi halali wa ule uchangaji wa ng'ombe alioueleza Rigby. Ni kipaji cha Watanzania, na nauheshimu. Ila umekubali aina moja tu ya mchango. Shangazi anayeishi kijijini Mvumi, asiye na fedha ya kununua kadi ya kuingilia ukumbini, huhesabiwa kama mtu asiyechangia, ingawa mikono yake inajua kitu ambacho kamati nzima haikijui. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiifanyi mahari wala zawadi kuwa sharti la ndoa kuwa halali. Vyote hivi vinasimama kwa hiari ya watu. Kwa kuwa ni hiari, kamati ina uhuru wa kuandika kwenye daftari lake, kando ya ahadi za fedha, ahadi za kazi: nani atatunga shanga za bibi harusi na wasimamizi, nani ataleta vibuyu vya kupamba meza, nani atasuka, nani atapika mlenda. Mweka hazina atasema kwamba kazi ya namna hiyo haitabiriki, kwamba mikufu itapishana upana na vibuyu vitapishana umbo. Vitapishana kweli. Wageni wakiuona mkufu wa wifi mkubwa kuwa mpana kuliko wa mdogo watauliza nani kautunga, na swali hilo hakuna mtu aliyeliuliza kuhusu ua la plastiki.

Nyuma ya mapingamizi yote nahisi kuna haya. Mgogo amefanyiwa mzaha wa ombaomba kwa miaka mingi katika miji ya nchi hii, na familia iliyopanda ngazi huogopa kuonekana na kibuyu mbele ya wageni wa wizarani. Mathias Mnyampala wa Dodoma hakuwa na haya hiyo. Mwaka 1954, nchi ingali chini ya Waingereza, alichapisha kwa Kiswahili kitabu kizima cha historia, mila na desturi za Wagogo, ili wasomaji wa Tanganyika yote wawajue. Fahari ya leo inaweza kuanzia kwenye bajeti. Kikundi cha muheme kinachotoka kijijini kiandikiwe malipo yake tangu kikao cha kwanza, kwenye ukurasa uleule wa mwanamuziki na mpiga picha, kisiachiwe kile kitakachobaki. Kiingie ukumbini pamoja na bibi harusi, shangazi zake wakiwa kati ya wapigaji, na spika zizimwe mpaka kimalize. Kisha wanawake hao wakae kwenye meza zenye mashuka meupe kama wageni wengine, wapakuliwe chakula kilekile, kwa wakati uleule.